Mbao na Simba walicheza wapi fainali ya 2017

Mkuu, mnaosema ilichezwa Uwanja wa Kirumba, Mwanza, hapana. Fainali ya Kombe la FA kati ya Mbao na Simba ilipigwa Uwanja wa Jamhuri, Dodoma, Mei 2017, na hayakuwa matuta kama alivyosema yule mgeni kwenye kipindi kipya cha mahojiano jana. Ilikuwa 0-0 ndani ya dakika 90, ikaenda nyongeza, ikawa 1-1, Kichuya wa Simba akamaliza kwa penalti dakika za lala salama. 2-1. Penalti moja ya mchezoni, ndiyo inayowachanganya watu.

Hiyo ya Kirumba mnayoikumbuka ni nusu fainali, Mbao alipomtoa Yanga 1-0 kwa bao la kujifunga. Fainali niliiona banda umiza Mabatini, pamebanana mpaka mlangoni, na penalti ile ilipoingia jamaa wa mbele alizima feni kwa hasira, sote tukaloa jasho.

Kipindi chenyewe kizuri, mnakiponda bure. Ila mtangazaji alitakiwa kumrekebisha mgeni palepale, siyo kucheka naye. Kwa mechi za ligi za Mbao msimu ule mtafuteni mwingine, mimi nazungumzia kombe tu.