Kwa uliyeingia kamati ya maafa ya kata karibuni

Desemba 20, 2011, mvua ilipoanza kuizamisha Dar es Salaam, nilikuwa mgeni kwenye kazi hii kama ulivyo wewe leo. Mpango wetu ulisema wahanga wapelekwe shule ya msingi. Tukaenda, usiku, na watoto waliolowa mgongoni mwa mama zao. Shule zilikuwa likizo. Geti lina kufuli, mlinzi hana funguo za madarasa, mwalimu mwenye funguo anaishi ng'ambo ya mto na hakuna wa kuvuka. Tukakaa barazani mpaka alfajiri, mvua ikitupiga ubavuni.

Mafuriko yale yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na wengi wa Jangwani, Suna na Mkwajuni walihamishiwa Mabwepande. Mimi nilibaki na lile kufuli kichwani. Tangu mwaka ule, Septemba kabla ya vuli na Februari kabla ya masika, naenda mwenyewe shuleni kuuliza: funguo anazo nani, na asipokuwepo anazo nani? Nawe fanya hivyo, usitume mtu.

Halafu ujue mto wako. Wageni wengi wanatazama mawingu ya juu ya vichwa vyao, kumbe Msimbazi unaanzia milima ya Pugu, unapita Kinyerezi, Tabata, Vingunguti na Kigogo ndipo ufike Jangwani. Kwenu kunaweza kuwa na manyunyu tu, na maji yakaja usiku kutoka kwenye mvua ambayo hamkuiona. Kwa hiyo tafuta watu wawili watatu wanaoishi huko mto unakotoka, mama lishe au fundi gereji, yeyote anayeuona mto kila siku, uwe na namba zao na wao wawe na yako. Angalia na bahari. Mto unamwaga maji karibu na daraja la Salenda, na bahari ikiwa imejaa, hasa siku za bamvua, bahari inapojaa kuliko kawaida, maji ya mto hayana pa kwenda. Wavuvi wa Feri watakwambia siku hizo bila kufungua kitabu.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa kwa rangi: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Rangi peke yake haimwondoi mtu nyumbani. Sisi tulikubaliana mapema kila rangi ina kazi gani. Njano, tunapiga simu kwa wale wa juu na kuzibua mitaro. Chungwa, wazee, wagonjwa, wajawazito na wenye ulemavu wanahama, na wanahama mchana. Nasisitiza mchana, kwa sababu umeme ukikatika huwezi kujua kichochoro kimeishia wapi na mtaro umeanzia wapi. Nyekundu, wote.

Watakataa. Hili ndilo lililonichukua miaka kulielewa, na naumia nikikumbuka nilivyokuwa nawafokea watu nikiwaita wabishi. Mama mmoja aligoma kutoka hadi maji yalipofika magotini. Nilipomuuliza baadaye, alisema friji lile alilolitumia kuuza barafu bado alikuwa analilipia, na mara ya kwanza alipohama alikuta mlango umevunjwa na godoro limebebwa. Hakuwa mbishi, alikuwa anapiga hesabu. Tangu hapo tunatafuta kwanza chumba chenye kufuli kwenye mwinuko na vijana wa mtaa wa kulinda zamu kwa zamu, kila kitu kikiandikwa jina la mwenyewe. Ukiweza kumwambia mtu friji lake litalala wapi na nani atalilinda, atabeba mtoto na kukufuata.

Daftari la majina usiliamini likizeeka. Mjumbe anamjua mwenye nyumba, lakini wapangaji wanabadilika kila baada ya miezi michache, na mpangaji mpya ndiye asiyejua maji hufika wapi. Pita nyumba kwa nyumba. Waonyeshe alama ya maji ukutani.

Mabomu ya ghala la jeshi la Gongo la Mboto yalipolipuka Februari 2011, watu walikimbia usiku kila mmoja na njia yake, na watoto wengi walipotezana na wazazi. Kwa hiyo kwenye mazoezi yetu kila familia inachagua sehemu moja ya kukutana, na mtoto anafundishwa kutaja jina kamili la mzazi wake pamoja na namba ya simu. Wakubwa wakariri 114 ya Zimamoto na 112 ya polisi.

Maji yakipungua, usiwaruhusu watu wachote visimani siku hiyo hiyo. Wapo wanaotapisha vyoo, yaani kuumwaga uchafu wake kwenye maji ya mvua inaponyesha, na mafuriko yanakwenda nao hadi kisimani. Kipindupindu huja nyuma ya maji. Mhudumu wa afya wa kata awe na dawa ya kutibu maji kabla ya msimu, si baada.

Kikao chako cha kwanza kikiisha, usirudi nyumbani moja kwa moja. Mwombe mwenyekiti wa mtaa akutembeze bondeni kwa miguu, mpaka nyumba ya mwisho iliyo karibu na maji, ukawasalimie waliomo.