Walijua Wote, Wakanyamaza

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza ni tamthilia gani tuliyoirudia kuitazama, na mara ya pili tuliona nini ambacho mara ya kwanza kilitupita. Swali limenikuta na jibu mdomoni. Yangu ni One Piece, ile ya waigizaji watu, si ya katuni, msimu wa kwanza wenye sehemu 8, uliotoka Netflix tarehe 31 Agosti 2023. Wiki ilipotoka niliimaliza kwa pupa na kumsifia kila aliyekubali kunisikiliza. Mwezi uliopita nimeirudia taratibu, kila usiku kwa siku tano, nikiwa na dada yangu. Bado naipenda. Ila kuna jambo katika sehemu ya 7 ambalo sasa limenikaa kooni, na ndilo hasa ninalotaka kulisema.

Kwa ambaye hajaifuata hadithi hii: Eiichiro Oda alianza kuichora kama manga, yaani hadithi ya michoro ya Kijapani, Julai 1997, katika jarida la Weekly Shonen Jump la Japani. Kijana mmoja, Luffy, mwili wake unavutika kama mpira kwa sababu utotoni alikula tunda la shetani. Anavaa kofia ya mabua aliyoachiwa na haramia aliyemuokoa, na anataka kuwa mfalme wa maharamia. Hana merikebu wala mabaharia, kwa hiyo anaokota mmoja mmoja njiani: Zoro mpiga panga, Nami mwizi wa ramani, Usopp mwongo wa kijijini, Sanji mpishi. Msimu wa kwanza wa tamthilia umebeba takribani sura 100 za mwanzo.

Sisi tuliotangulia kuisoma tuliisubiri tamthilia hii roho mkononi. Filamu mbili zilizotokana na manga nyingine zilikuwa zimetuumiza: Dragonball Evolution ya mwaka 2009 ilituachia kidonda, na Death Note ya Kimarekani ya mwaka 2017 ikakitonesha. Halafu Mei 2023 Oda akawaandikia mashabiki barua, akasema Netflix wamekubali kwamba haitatoka mpaka yeye mwenyewe aridhike. Ukiitazama unaona kweli kuna mtu alikuwa akikagua. Ilipigwa picha Cape Town, Afrika Kusini, na merikebu zilijengwa za mbao, watu wakapanda juu yake wakatembea. Mimi nimekulia Tanga, karibu na watu wa majahazi, na najua mtu anavyosimama kwenye sitaha inayoyumba. Kwenye Going Merry, merikebu anayokuja kuipata Luffy, waigizaji wanasimama hivyo. Wanajishikilia kamba bila kufikiri.

Iñaki Godoy, kijana wa Meksiko, ndiye Luffy, na hapo sina neno. Anatabasamu kwa uso mzima, na akinyamaza unajua jambo limemgusa. Usopp ameigizwa na Jacob Romero, na hili lina kisa chake. Miaka mingi iliyopita msomaji mmoja alimuuliza Oda, wahusika hawa wangekuwa watu wa dunia yetu wangetoka wapi? Akajibu: Luffy Brazil, Zoro Japani, Nami Uswidi, Sanji Ufaransa, na Usopp Afrika. Hakutaja nchi, alisema Afrika tu. Mimi nilisoma jibu lile nikiwa bado shuleni na nikalibeba kama barua yangu binafsi. Kwa hiyo nilipomwona Usopp mweusi kwenye kioo, na ile pua yake ndefu ya kwenye manga haikutengenezwa kwa plastiki, nilifurahi kwa namna ambayo rafiki zangu hawakuielewa.

Mara hii ya pili tuliitazama kwa sauti za Kijapani. Waliozitia ni wale wale wa katuni ya televisheni ya One Piece iliyoanza mwaka 1999, akiwemo Mayumi Tanaka, mwanamama ambaye ndiye sauti ya Luffy tangu mwanzo. Nawashauri wenzangu mjaribu. Sauti niliyoizoea tangu utoto ikitoka kinywani mwa Godoy ilinifanya nisahau kabisa kwamba natazama kitu kilichotengenezwa upya.

Kasoro ndogo ndogo zipo, na kwenye kurudia ndipo zinapojitokeza. Kamera inasogezwa usoni kwa lenzi pana mpaka pua inatangulia na masikio yanabaki nyuma. Mara ya kwanza niliona ni ubunifu, mara ya pili ilinichosha. Kijiji cha Usopp kimegeuzwa nyumba ya vitisho, usiku mtupu, na Merry, yule msimamizi mwema ambaye kwenye manga anapona, hapa anauawa. Sikuona faida ya kifo kile. Haramia Don Krieg, ambaye kwenye manga ni vita kubwa inayochukua kurasa na kurasa, anamalizwa na Mihawk, bingwa wa panga, mwanzoni mwa sehemu ya 5, na hilo sikulalamikia, kwa sababu nafasi iliyopatikana ilikwenda kwa Sanji na Zeff, mzee aliyemlea.

Hapo lazima nisimame kidogo. Zeff ni haramia mzee na Sanji mtoto, wametupwa na dhoruba juu ya mwamba usio na chochote. Zeff anampa mtoto mfuko mdogo wa chakula, mwenyewe anabaki na mfuko mkubwa, kila mmoja anakaa upande wake wa mwamba wakingoja merikebu ipite. Kwenye manga wanakaa siku 85. Mtoto akiishiwa, anakwenda na kisu kuuiba ule mfuko mkubwa. Anautoboa, zinamwagika dhahabu na vito, hakuna hata tonge. Ndipo anapoutazama mguu wa mzee na kuona haupo. Katuni ilikwepa jambo hili, ikasema mguu ulipotea wakati wa kumuokoa mtoto baharini. Tamthilia imerudi kwenye manga: mzee aliula mguu wake mwenyewe, chakula chote akampa mtoto. Wamelionyesha kwa utulivu, bila muziki wa kulazimisha machozi. Dada yangu, ambaye hajasoma hata ukurasa mmoja wa manga, aliniwekea mkono begani na hakuutoa mpaka sehemu ile ilipoisha.

Kwa hiyo watengenezaji hawa wanajua maana ya mtu kumficha mwenzake jambo kwa sababu ya mapenzi. Ndiyo maana sehemu ya 7 imeniuma.

Kisa cha Nami kwenye manga ni hiki. Bell-mère, aliyekuwa askari wa majini, analea mabinti wawili wasio wa kuzaa, Nojiko na Nami, kwenye shamba la machenza. Haramia Arlong na watu-samaki wake wanavamia na kutoza kodi ya uhai: mtu mzima beri (pesa za humo) 100,000, mtoto 50,000. Pesa za Bell-mère zinatosha mtu mzima mmoja au watoto wawili. Anawalipia watoto, anapigwa risasi mbele yao. Arlong anamchukua Nami kwa sababu anajua kuchora ramani za bahari, na wanakubaliana: akileta beri milioni 100 atakinunua kijiji chake. Nami anaiba kwa miaka 8, mwilini ana tatuu ya Arlong, na wanakijiji wanamtazama kama msaliti.

Sasa sikilizeni. Pesa zinapokaribia kutimia, askari mla rushwa anazitaifisha kwa amri ya Arlong. Wanakijiji wanachukua majembe na mapanga kwenda kufa. Nami anawakimbilia, anajilazimisha kutabasamu, anawaambia subirini, nitaanza upya, safari hii itakuwa rahisi. Na Genzo, mzee wa kijiji, anamkumbatia na kumwambia kwamba walikuwa wanajua. Miaka yote. Walimbana Nojiko mwanzoni kabisa akawaeleza. Wakaamua kujifanya hawajui, wamnunie, wamfungie milango, ili siku akichoka na kutaka kukimbia asizuiwe na matumaini yao. Kijiji kizima kilibeba aibu ya kumtukana binti yake ili yeye awe huru kuondoka.

Tamthilia imekiondoa hiki. Humo wanakijiji wanamchukia Nami kwelikweli. Nojiko, dada yake, naye anaamini amewasaliti, na ukweli anakuja kuujua amechelewa. Mara ya kwanza halikunigutusha, kwa sababu nilikuwa naingoja picha moja tu: Nami ameketi chini, anaichoma tatuu yake kwa kisu, anaomba asaidiwe, na Luffy anamvisha kofia ya mabua kichwani. Picha ipo, na ni nzuri. Emily Rudd ameicheza mpaka shingo inatetemeka. Nililia mwaka 2023 na nimelia tena mwezi uliopita.

Lakini mara hii nilijiuliza huyu anamlilia nani. Kwenye manga analilia watu waliompenda kimya kimya kwa miaka 8 na sasa wanakwenda kufa kwa ajili yake. Kwenye tamthilia analilia watu waliomkosea. Machozi ni yale yale, ila yamepunjwa uzito.

Najua hoja ya kuwatetea: televisheni inataka ndugu wagombane, kisha wapatane mbele yetu. Na muda ulikuwa mchache. Ila muda wa Garp ulipatikana. Garp ni afisa mkubwa wa jeshi la majini, na kwamba ni babu yake Luffy ni siri ambayo manga ilikaa nayo zaidi ya sura 400. Hapa wamemleta mapema na kumfanya awafukuze kila mahali. Vincent Regan anamcheza vizuri, na kupitia kwake tumempata Koby, kijana anayetaka kuwa askari wa majini, anayekua mbele ya macho yetu. Siwanyimi hilo. Nasema tu kwamba dakika chache za Garp zingetosha Genzo kusema sentensi yake. Na Arlong mwenyewe wamempa nafasi. McKinley Belcher III, Mmarekani mweusi, anaeleza jinsi wanadamu walivyowafanya watu-samaki watumwa, na maneno yale yanatoka na historia nyuma yake. Wameweza kumpa adui undani ambao manga iliuchelewesha. Ila wanakijiji wamenyang'anywa undani waliokuwa nao.

Nimesema nilitazama na dada, na ameniruhusu kuandika haya. Dada alifanya kazi za ndani Muscat kwa miaka minne. Kila Ijumaa akipiga simu alituambia yu mzima, mabosi ni watu wa Mungu, chakula tele. Mama alikuwa akimjibu, "Alhamdulillah, mwanangu," anaulizia hali ya hewa, anamwombea dua, anakata simu. Kisha anakaa pale pale na simu mapajani. Mama alikuwa anajua. Mwanamke waliyesafiri pamoja alirudi mapema akamweleza: analala jikoni, simu anashika mara moja kwa wiki, mshahara anaupata miezi ikipishana. Nikamuuliza mama mbona humwambii unajua? Akasema, "Nikimwambia atajikaza zaidi, ili nisilie. Mwache. Siku akitaka kurudi arudi, asione kama kuna mtu wa kumjibu." Dada alirudi. Hatujawahi kulizungumza.

Usiku wa nne tulipomaliza sehemu ya 7, dada aliuliza, "Sasa huyu dada mtu anaishije na mwenzake miaka yote hiyo asijue?" Nikamwambia kwenye kitabu sivyo. Nikafungua juzuu ya 9 kwenye simu, ile iitwayo "Machozi", nikamtafutia kurasa za Genzo. Kiingereza chake si kikubwa, kwa hiyo nilikuwa namfasiria dirisha moja moja, yaani picha moja moja za ukurasa: huyu anasema walijua, huyu anasema walijifanya, hapa anamkumbatia. Alirudisha ukurasa nyuma mara mbili. Kuna dirisha moja ambamo Nami ametabasamu na huku macho yamejaa, na dada alilikuza kwa vidole mpaka ukabaki mdomo tu.

Akaniuliza bila kunitazama, "Mama naye alijua?"

Nikamwambia ndiyo.

Mama alikuwa chumba cha pili, redio yake ikisikika kwa chini. Dada aliweka simu juu ya meza, akanyanyuka, akaenda huko, mlango ukafungwa. Sehemu ya 8 tuliitazama kesho yake.