Elfu arobaini kwa saa

Mwanangu, swali lako nimelisoma: "Shangazi, saa moja unalipwa shilingi elfu arobaini, halafu unasema hali ngumu?" Hesabu yako haina kosa. Kuanzia Aprili 2025 kima cha chini cha kisheria Uingereza, kwa aliyefikisha miaka 21, kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Ila hizo pauni siji kuzilia Tanga. Nazilia hapa hapa Sunderland, kaskazini mwa Uingereza.

Umeme wangu ni kama LUKU, una ufunguo wa plastiki. Unaupeleka dukani wanaujaza, unarudi kuuchomeka kwenye mita. Nilipokuwa chini ya wakala wa kazi nilisafisha ofisi alfajiri, kisha jioni tena. Kati hapo hulipwi, na nauli ni yako. Januari moja nilikaa jikoni na koti, macho kwenye mita, namba zinashuka.

Sasa sikia jambo ambalo wengi hawalisemi. Kuna kima kingine, cha hiari ya mwajiri, kinachopigiwa hesabu kwa kuangalia bei halisi za maisha: kodi ya nyumba, chakula, nauli. Watu wa makanisa, misikiti na shule za London Mashariki walianza kukidai mwaka 2001. Kwa 2024/25 kilikuwa pauni 12.60, na London 13.85. Chelsea yako hiyo ilikuwa klabu ya kwanza ya Ligi Kuu kujisajili kukilipa, mwaka 2014, na anayejisajili hawaachi nyuma hata wafagizi walioletwa na kampuni nyingine.

Mwajiri wangu wa sasa analipa hicho. Mwaka 2025 tofauti na kile cha kisheria ilikuwa peni 39 kwa saa, najua utacheka. Kwa saa 37 na nusu kwa wiki ilikuwa kama pauni 760 kwa mwaka. Kodi ya mapato na bima ya taifa vikishapita, zilibaki kama 550. Ndizo zilizonivua koti jikoni.

Na usidhani ni shida ya wageni tu. Viwanda vya meli hapa vilifungwa 1988, mgodi wa makaa wa Wearmouth 1993. Uwanja wa Sunderland unaouona kwenye televisheni umejengwa pale pale mgodini. Ukiacha kiwanda cha Nissan, kazi nyingi ni hizi zetu: kufagia, kulea wazee, maghala. Mwenzangu, mzungu mzaliwa wa hapa, alikuwa akitoka kazini anapitia kanisani kuchukua chakula cha msaada. Ana kazi, na ana njaa! Mshahara ulipopanda aliacha kupitia. Anachoongezewa anakimalizia kwenye maduka ya mtaani humu humu, si kwingine.

Ila kima kizuri na saa kumi kwa wiki ni bure tu. Ukiletewa barua ya kazi, usiangalie pauni kwanza, uliza saa za uhakika ni ngapi.

Ada nitatuma tarehe 28, mshahara ukiingia. Simu mpya, hapana.