Maswali ya Wasomaji: Peke Yako na Makasia, Nungwi hadi Pemba

SWALI: Assalaamu alaykum. Nina boti ya faiba ya futi 14, ya makasia, haina mashine. Nasikia kuna watu wanavuka bahari kuu peke yao kwa makasia tu. Nami nataka kutoka Nungwi hadi Pemba. Kama wao wanavuka bahari nzima, mimi nitashindwa na mkondo huu?
Msomaji, Nungwi

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu yetu. Wanavuka kweli. John Fairfax alivuka Atlantiki mwaka 1969, kutoka visiwa vya Kanari hadi Florida, kwa siku 180. Katika Bahari ya Hindi, Sarah Outen alitoka Fremantle, Australia, mwaka 2009 akafika Morisi kwa siku 124. Lakini anayevuka bahari kuu akisukumwa kando maili 20 ana wiki nzima za kujirekebisha. Wewe ukisukumwa maili 20, Pemba umeikosa.

Tupige hesabu. Kutoka Nungwi hadi ncha ya kusini ya Pemba ni maili za baharini 25 hivi, upande wa kaskazini-mashariki. Mtu mmoja kwenye boti kama yako huenda maili 2 kwa saa, akijipima pumzi. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini, na kusi ikivuma hukaza zaidi. Tuseme siku hiyo mkondo unakwenda maili 1.5 kwa saa. Ukielekeza omo, yaani mbele ya boti, Pemba moja kwa moja, mkondo utakupitisha magharibi ya kisiwa, kwenye kina kikubwa kati ya Pemba na Tanga. Ukielekeza omo mashariki hasa, saa 10 za makasia zitakupeleka maili 20 mashariki, na mkondo utakubeba maili 15 kaskazini. Ncha ya kusini iko hapo hapo. Njiani utaona kama unaipa Pemba ubavu na moyo utakwambia geuza. Usigeuze, tazama GPS kila nusu saa, maana mkondo wenyewe haukai namna moja kutwa, na hesabu hii utairudia huko huko baharini.

Nenda Oktoba au Novemba, kusi imekatika na kaskazi haijashika. Bamvua liache lipite. Subiri maji mafu, siku ambazo maji hujaa na kutoka kidogo. Ondoka saa 10 alfajiri. Ukiweka saa 2 za kupumzika, ambazo mkondo utakusogeza maili 3 zaidi kaskazini, unafika saa 10 jioni na jua bado lipo.

Sasa boti. Boti za bahari kuu zina urefu wa mita 6 au 7, na vyumba vilivyozibwa omoni na tezini, yaani nyuma. Zikipinduka, hewa ya vyumbani na uzito uliowekwa chini huzirudisha wima, ila mlango uwe umefungwa. Ukiachwa wazi, maji yanaingia na boti haigeuki tena. Yako iko wazi: ikipinduka, imepinduka. Funga madumu manne matupu ya lita 20 chini ya viti, vifuniko vikikazwa, ili ikijaa maji isizame. Ndoo ya kufulia maji, yaani kuyatoa botini, ifungwe kamba. Chukua kasia la tatu na vishwara (vitanzi vya kamba vya kushikia makasia) vya akiba, kwa sababu kishwara hulika kidogo kidogo pale kinaposuguana na kasia, na hukatika unapovuta kwa nguvu, yaani kwenye wimbi. Upepo ukikugeukia, ifunge ndoo nyingine imara kwenye kamba ya mita 30 uitupe omoni: boti itakabili wimbi na haitarudi nyuma kwa kasi. Wenzetu wa bahari kuu hutumia mwavuli wa kitambaa wa mita 3 hivi kwa kazi hiyo.

Jifunge kamba kiunoni, na jaketi la kujiokolea usilivue. Aliye peke yake akianguka, boti isiyo na mtu huondoka na upepo kwa kasi kuliko anavyoweza kuogelea. Waarifu KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo) saa ya kuondoka na ya kufika, na safari ya kwanza boti ya mashine ikufuate. Bila hiyo sisi hatukushauri uende.

SWALI: Nikivuta makasia muda mrefu napata vidonda makalioni. Dawa yake nini?
Msomaji, Mkoani

JIBU: Chumvi na unyevu ndivyo vinavyochubua. Kila ukipumzika jisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, jikaushe kabisa, kisha upake mafuta mazito. Kalia ngozi ya kondoo au sponji, na nguo isiwe na mshono hapo. Wavukao bahari kuu wengi huvua nguo kabisa. Huku kwetu boti za abiria zinapita.

SWALI: Wavukao bahari kuu, maji ya kunywa ya miezi mitatu wanayabeba wapi?
Msomaji, Wete

JIBU: Hawayabebi. Wana mashine inayosukuma maji ya bahari kwa nguvu kwenye chujio linalozuia chumvi, ikiendeshwa na betri za sola. Ikiharibika kuna pampu ya mkono, na ile ndogo kabisa haitoi hata lita 1 kwa saa, na mvuta makasia anahitaji kama lita 10 kwa siku. Kwa Pemba chukua lita 8, kwenye chupa mbalimbali, moja ikipasuka zisiende zote.