Gesi ya Friza Haiishi, Huvuja: Pima Haya Kabla Bomba Halijakatwa

Friza ikiacha kugandisha, jibu la kwanza utakalosikia mtaani ni lile lile: "Mama, hapa gesi imeisha." Fundi hajafungua hata kifuniko cha kompresa, tayari ametaja bei. Gesi ya friza haiishi kama ya meko. Imefungiwa ndani ya mabomba yaliyochomelewa, na inaweza kuzunguka humo miaka kumi na tano bila kupungua. Ikipungua, pana tundu. Fundi asiyekuonyesha tundu lilipo anakuuzia gesi ya wiki chache tu. Na mara nyingi gesi haijapungua hata kidogo: shida ni stima, relei (kijisanduku cha kuwashia kompresa), themostati (swichi ya kudhibiti baridi) au mpira wa mfuniko, na hivyo vyote hurekebishwa bila kukata bomba.

Lakini kwanza nyama. Usifungue mfuniko kila dakika kuangalia. Friza iliyojaa na kufungwa vizuri hushika baridi kwa saa 48 hivi, iliyojaa nusu saa 24. Ikiwa imezima kabisa, itupie blanketi nzito juu. Nyama au samaki wenye chembe za barafu bado unaweza kuwagandisha tena, ingawa watapoteza maji na ladha kidogo. Waliokwisha kulainika na kukaa hivyo kwa saa kadhaa kwenye joto la jikoni, tupa. Kwa hiyo una siku moja ya kupima kwa utulivu kabla ya kumkubali fundi wa kwanza anayebisha hodi.

Anzia kwenye soketi. Taa ya kijani kuwaka si ushahidi kwamba stima inatosha, kwa sababu taa huwaka hata kwa umeme ambao hauwezi kuinua kompresa. Weka multimita (kifaa cha kupima umeme) kwenye volti za AC na upime mara mbili: kompresa ikiwa imetulia, kisha sekunde ile inapojaribu kuwaka. Stima ya Kenya inatakiwa kuwa karibu volti 240. Ikiwa ilisoma 235 na kompresa ikijaribu inaanguka chini ya 200, acha friza, kagua nyaya. Mara nyingi ni ekstensheni nyembamba iliyonunuliwa kwa ajili ya kuchaji simu, au soketi iliyolegea na kuungua ndani. Gusa plagi baada ya dakika kumi. Haipaswi kuwa moto. Kwenye ploti ambako nyumba kumi zinavuta waya mmoja, friza inaweza kufanya kazi vizuri usiku wa manane na kukataa saa moja jioni, wakati kila mtu anapika na kupiga pasi. Hiyo haihitaji fundi wa friji.

Frijigadi nayo hudanganya. Kazi yake ni kukata stima ikiwa chini au juu mno, kisha kungoja dakika kadhaa kabla ya kuirudisha. Kungoja huko ni muhimu, kwa sababu presha ndani ya mabomba lazima isawazike na relei ipoe. Ila frijigadi ikichoka hukata bila sababu. Chomeka friza moja kwa moja ukutani kwa muda mfupi, stima ikiwa nzuri. Ikiwaka na kutulia, umempata mkosaji.

Sasa sikiliza. Kaa kando ya kompresa, zima redio. Kuna sauti tatu za kutofautisha.

Kimya kabisa: hakuna umeme unaofika kwenye kompresa. Chomoa plagi, fungua kisanduku cha themostati, toa nyaya mbili zinazopitisha umeme wake na uziunganishe pamoja kwa muda, ukizifunga vizuri kwa tepu, kisha chomeka tena. Kompresa ikiwaka, themostati imekufa. Mpya hufungwa kwa dakika kumi, mradi mrija wake mwembamba urudi kwenye tundu lile lile ulimotoka. Ukiachwa ukining'inia nje, friza itawaka bila kuzima.

Mngurumo wa sekunde chache, "tak!", kimya, kisha baada ya dakika kadhaa mngurumo tena: hapa ndipo watu wengi huuziwa kompresa mpya bure. Kompresa inajaribu, inashindwa, kinga yake ya joto inakata. Chomoa plagi na uvue kifuniko cheusi cha plastiki kilicho ubavuni mwa kompresa. Utaona kijisanduku kilichochomekwa kwenye pini tatu, ndicho relei ya kuwashia. Kivute polepole, bila kuzungusha, kisha kitikise karibu na sikio. Kikicheza kama njuga, kile kidonge cha ndani kimepasuka, na wakati mwingine utaona unga mweusi na harufu ya kuungua. Kizima hakitoi sauti, na kikiwa baridi husoma ohmu makumi machache, mara nyingi kati ya 15 na 47. Ni kitu kidogo cha kutoshea kiganjani. Nenda nacho mkononi kwenye maduka ya vipuri ya Luthuli au River Road, Nairobi, ulinganishe pini na namba, usinunue kwa kukisia. Ikiwa kuna kapasita pembeni yake, badilisha na yenye maikrofaradi zile zile, na usiguse miguu yake kabla hujaiondolea chaji.

Relei ikiwa nje, pima zile pini tatu. Moja ni ya pamoja, moja ya kuwashia, moja ya kuendeshea. Pima jozi zote tatu uandike. Jozi mbili ndogo zikijumlishwa lazima zilingane na ile kubwa: kwa mfano 12 na 18, kisha 30. Jozi ikikosa kusoma kabisa, waya wa ndani umekatika, ingawa kompresa ikiwa moto sana na kinga yake iko ndani, ngoja ipoe saa nzima kabla ya kuihukumu. Kisha pima kila pini na bomba la shaba lililokwanguliwa rangi. Hapo multimita isisome chochote. Ikisoma, waya wa ndani umegusa chuma cha kompresa na ni hatari, usiichomeke tena. Tahadhari moja: kompresa za inveta (zinazoendeshwa na saketi ya kielektroniki) husoma namba sawa kwenye jozi zote tatu. Huo si ubovu, na usijaribu kuziwasha kwa waya wa moja kwa moja.

Sauti ya tatu ni ya kawaida kabisa: kompresa inanguruma saa nzima lakini ndani hakuna baridi. Kabla ya kuwaza gesi, gusa kuta za nje. Friza nyingi za kulala zina mabomba ya kutoa joto ndani ya kuta hizo, kwa hiyo baada ya dakika 20 zinapaswa kuwa vuguvugu. Zikiwa moto kupita kiasi, friza haipumui: umeibana ukutani au umeizungushia magunia ya unga. Iachie sentimita kumi kila upande. Ukaguzi wa mpira wa mfuniko hauna gharama: weka tochi inayowaka ndani usiku, funga, zima taa za chumba. Mwanga ukipenya, na hewa inapenya. Mpira uliojikunja hurudi ukilainishwa kwa kitambaa cha maji moto na kufungiwa na uzito juu usiku kucha.

Friza zisizoota barafu zina tabia yao. Humo ndani kuna feni na hita ya kuyeyusha. Hita au fyuzi yake ikikatika, barafu hujaa nyuma ya paneli mpaka feni ikwame, na chumba cha chini cha friji ndicho huanza kupata joto. Ukiizima saa 24 milango ikiwa wazi ikarudi kufanya kazi vizuri, kisha ikafa tena baada ya wiki moja au mbili, badilisha hita, fyuzi au taima.

Jambo moja la Nairobi ambalo hata wauzaji hawasemi: mwezi wa Julai, friji yenye themostati moja inaweza kuyeyusha friza yake ikiwa nzima kabisa. Tazama kibandiko cha ndani. Kikiandikwa T, N au ST, kifaa kimetengenezwa kwa chumba chenye nyuzi 16 na kuendelea. Jikoni kukiwa na nyuzi 13 alfajiri, themostati iliyo upande wa friji hudhani baridi inatosha, kompresa inalala, na nyama iliyo juu inaanza kutoa maji. Ihamishie kwenye chumba chenye joto zaidi.

Baada ya yote hayo ndipo tuzungumzie gesi. Yeyusha barafu yote, kausha, washa, na uangalie theluji inavyotanda kwenye kuta za ndani kwa dakika 30. Ikitanda kipande kidogo tu gesi inapoingilia na kwingine pakawa pakavu, gesi imepungua au mrija mwembamba unaoingiza gesi humo (si ule wa themostati) umeziba. Ikigandisha vizuri kila mara baada ya kuyeyushwa, halafu ikakoma baada ya saa kadhaa, kuna maji ndani ya mfumo yanayoganda mdomoni mwa mrija. Mkosaji mkubwa wa uvujaji ni kisu cha kubandulia barafu. Tundu la ncha ya kisu huonekana kama doa dogo lenye mafuta; libonyeze na utakuta unyevu wa oili. Tumia sufuria ya maji moto, si chuma.

Fundi akikubali kutafuta tundu, mwambie atenganishe upande wa presha na upande wa baridi, ajaze kila mmoja naitrojeni hadi presha ya baa 10 hivi na apake povu la sabuni. Oksijeni ikikutana na oili ya kompresa hulipuka, kwa hiyo akija na mtungi wa oksijeni wa kupimia, mfukuze. Mara nyingi kinachovuja ni bomba la chuma linalopita kwenye fremu ya mfuniko, limeliwa na kutu ndani ya foamu. Hilo hurukwa tu, yaani gesi inapitishwa kando yake, na kazi ikaisha. Ukuta wa baridi ukiwa ndio umetoboka ndani ya foamu, itabidi koili mpya ya shaba izungushwe ndani ya friza; utapoteza nafasi kidogo.

Baada ya kuziba, filta mpya ni lazima kila mfumo unapofunguliwa. Kisha pampu ya vakyumu, ya kunyonya hewa yote, kwa dakika 30 au zaidi, afunge, na mtazame geji dakika 10. Hapa kuna mtego: Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, kwa hiyo sindano husimama karibu na inchi 24 au 25 za zebaki, haifiki 30. Fundi anayengoja 30 atadhani bado kunavuja. Ikianza kurudi nyuma, basi kweli kunavuja.

Gesi ijazwe kwa mizani ya gramu. Kibandiko cha nyuma hutaja aina na uzito. R600a (gesi ya isobutani) mara nyingi haifiki gramu 100, na kwenye friza ya gramu 50 kosa la gramu tano ni asilimia kumi. Tena upande wake wa baridi hufanya kazi chini ya presha ya hewa, kwa hiyo anayejaza kwa kuangalia geji anabahatisha. R600a huwaka: madirisha wazi, meko yamezimwa. Usikubali ibadilishwe kwa R134a, gesi ya aina nyingine, kwa kompresa ile ile, wala mtu asikujazie gesi ya kupikia.

Iache tupu saa 24 na kipimajoto ndani. Inatakiwa ifike nyuzi 18 chini ya sifuri. Kisha mwambie fundi aandike kwa kalamu isiyofutika nyuma ya kompresa: tarehe, aina ya gesi, gramu alizoweka na mahali alipoziba.