Difu Haipimwi kwa Kidole

Jumamosi nilimkuta kijana wetu mmoja chini ya gari. Giaboksi inaning'inia kwa shafti yake ndani ya klachi, mwenyewe yuko magotini anatafuta bolti iliyobingirika. Nikapiga kelele. Akajibu kwa adabu zote, "Shikamoo fundi, imeshaingia nusu." Imeingia nusu! Uzito wote ule umebebwa na kitovu cha klachi pleti. Ni mara ya tatu mwaka huu naona kosa hilohilo, kwa vijana watatu tofauti.

Basi nimeona niandike. Sisemi klachi, giaboksi na difu (kile kisanduku cha gia kilicho katikati ya magurudumu) msifunge wenyewe. Mimi nilianza hivyohivyo, klachi yangu ya kwanza ilinila siku mbili na plasta tatu. Ninachokataa ni namna mnavyoamua: kizito apewe fundi, chepesi nitafanya mwenyewe. Sivyo. Giaboksi ni nzito, lakini ukiwa na jeki yake na mtu wa kukusaidia itaingia, na ikikataa utajua palepale. Pinioni, ile gia ndogo ya ndani ya difu, unaibeba kwa mkono mmoja, na ukiikosea itakunyamazia mpaka ukiwa safarini.

1. Legeza bolti ya kujazia oili kabla hujagusa ya kumwagia. Ikiwa imeganda, bado una gari linalotembea.

2. Klachi ifanye mwenyewe, gari likiwa juu ya stendi, si jeki peke yake wala matofali. Pleti ina upande wake na umeandikwa, someni. Isentie, yaani iweke katikati, kwa kigingi chake, si kwa jicho. Giaboksi ikigoma sentimita mbili za mwisho, ishushe uangalie. Ukiivuta kwa bolti utapasua kava. Kisha endesha kwa upole kilomita 500 hadi 800, na msinipigie simu kwamba inateleza wakati juzi tu mlikuwa mnashindana.

3. Difu. Hapa inabidi nijivue nguo.

Nilikuwa na pikapu ya milango minne niliyoiwekea matairi makubwa, ikawa mlimani haivuti. Dawa niliijua: kubadilisha pinioni na krauni, ile gia kubwa inayozungushwa nayo. Uwiano uliokuwamo ulikuwa 3.73, yaani pinioni ya meno 11 kwa krauni ya meno 41, nikanunua 4.56, meno 9 kwa 41. Fundi aliponitajia malipo ya kufunga nikacheka. Kwani bolti ngapi hizo? Nilikuwa nimeshafunga klachi nne, najiona daktari.

Kufungua nilifungua vizuri. Nikapiga beringi mpya, sili mpya, na ile bushi inayopondeka, inayokaa katikati ya beringi mbili za pinioni. Walioifunga wanajua: nati unaikaza kwa bomba refu, haisogei, haisogei, halafu ghafla bushi inaanza kupondeka. Kuanzia hapo unakaza kidogokidogo huku ukipima ugumu wa pinioni kuzunguka, newton-mita chache tu. Mimi sikuwa na cha kupimia, nilizungusha kwa mkono. Nikakaza, nyepesi. Nikakaza, bado. Nikavuta bomba mara moja tu zaidi, pinioni ikawa ngumu kana kwamba imechomelewa.

Hapo, wadogo zangu, ndipo nilipotakiwa kutoa kila kitu, nitupe ile bushi, niweke nyingine. Bushi ikishapondeka hairudi. Lakini ilikuwa saa tatu usiku, bushi nyingine sina, mgongo unauma. Nikailegeza nati robo mzunguko. Pinioni ikazunguka laini kabisa, nami nikafurahi, na beringi mbili nikaziacha hazina kinachozibana.

Nafasi kati ya meno nayo niliipima kwa kidole. Difu nyingi za magari kama lile hutaka kama milimita 0.13 hadi 0.20, unene wa nywele mbili tatu. Mimi niliitikisa krauni, nikasikia "tik", nikasema inatosha. Ile rangi ya kupaka kwenye meno ili uone yanakutana wapi ilikuwamo ndani ya boksi la gia, kichupa kidogo cha njano. Sikukifungua. Ninacho mpaka leo.

Siku ya kwanza ikaimba. Kuanzia kilomita 60 kwa saa, sauti nyembamba kama mbu sikioni. Nikiachia mafuta inanyamaza, nikikanyaga inarudi. Nikajiambia gia mpya lazima ziimbe. Siku ya pili nikaongeza redio. Mke wangu akauliza, "Hiyo ni nini?" Nikamwambia ni matairi. (Matairi!) Siku ya nne tunapanda mlima, watoto wako kiti cha nyuma, kitu kikagonga chini mara mbili, halafu magurudumu ya nyuma yakafunga. Mwendo ulikuwa mdogo, tukasimama palepale katikati ya barabara. Mpaka leo sipendi kufikiria ingekuwaje tungekuwa tunateremka.

Gari likavutwa hadi kwa fundi yuleyule niliyemcheka. Oili ilitoka rangi ya fedha, inang'aa kama rangi ya kucha. Katika meno tisa ya pinioni yalibaki sita. Hakunigombeza, na bora angenigombeza. Aliuliza tu, "Ulipima kwa kifaa gani?" Nikasema kwa mkono. Akaushika mkono wangu, akaugeuza kiganja juu, akautazama muda mrefu kama mtu aliyepoteza kitu, akasema, "Sioni namba."

Nililipia gia mara mbili, beringi mara mbili, na ule ufundi niliokuwa nimeukwepa. Nikaomba nikae nitazame. Alipima, akafungua, akabadilisha shimu (vile visahani vyembamba vya kusogezea gia), akafunga, akapima tena. Shimu ya pinioni peke yake aliitoa mara nne, hata nikadhani anababaisha. Kumbe hiyo ndiyo kazi yenyewe. Zile bolti nilizozihesabu ni maandalizi tu.

Ipo njia ya kati. Kama difu yako ni ile ambayo kichwa chake kinatoka mbele kizima, chomoa eksel, toa propela, ile shafti ndefu inayoleta nguvu kwenye difu (weka alama kwanza, irudi ilivyokuwa), peleka kichwa kwa fundi apange meno mezani, kisha urudishe mwenyewe. Utalipia meza yake, si mgongo wake.

4. Gari linalovuta magurudumu yote, ukibadilisha uwiano wa difu ya nyuma badilisha na wa mbele. Najua unajua. Hata yule aliyeniletea lake limevunjika kisanduku cha kugawia nguvu alikuwa anajua. Alisema ya mbele angefanya mwisho wa mwezi.

5. Otomatiki mpeni fundi. Kama mmekaidi, konveta, lile duara la oili linalokaa mahali pa klachi, iingie mpaka mwisho, utaihisi ikishuka ngazi kwa ngazi. Ukikaza bolti ikiwa haijakaa, pampu ya oili inavunjika hata injini hujaiwasha.

6. Giaboksi iliyoandikiwa oili ya daraja la GL-4 usiimwagie GL-5 kwa kuwa namba ni kubwa. Viongezo vyake vinaweza kuzila sinkronaiza za shaba, zile pete zinazofanya gia ziingie laini. Na difu za LSD, zile zinazozuia gurudumu moja lisizunguke bure, zenye klachi ndani zina kiongezo chao, bila hicho zitatetemeka kila ukikata kona.

7. Ukimpa fundi, hujamaliza. Mwombe namba: nafasi ya meno, ugumu wa pinioni, na picha ya ile rangi kwenye meno. Akisema yeye huhisi kwa mkono, mpe salamu zangu na uondoke na gari lako. Gia zikiwa mpya, safari ya kwanza iwe dakika 20 kisha ziache zipoe, na oili imwagwe kama kilomita 800 hivi. Soma pia dhamana kabla ya kupasua boksi, maana nyingine hufa ukifunga mwenyewe.

Yule kijana wa Jumamosi aliwasha gari jioni. Klachi inakamata kwa kuruka na haiachii vizuri, pleti imepinda. Kesho tunaishusha tena. Nimemwambia aje na mwenzake wa kushikilia, na bolti zote aziweke kwenye kopo.