Makosa ya programu ya C yapeleke stderr, si printf

Ssebo, umesema programu yako ya bei za kahawa ukiiendesha na > ripoti.txt meseji za makosa hazionekani kwa skrini, halafu ikikrashi hata kwa ripoti hazipo. Shida ni printf. Inaandika stdout (njia ya matokeo ya kawaida), na stdout ikielekezwa kwa faili maandishi yanakaa kwa bafa (kumbukumbu ya muda) kwanza, sasa programu ikifa ghafla yanapotea nayo. Tumia stderr (njia ya makosa), hiyo haishikilii kitu na inabaki kwa skrini:

fprintf(stderr, "%s: mstari %d mbovu\n", faili, n);

Jina la faili na namba ya mstari usiache kabisa, "kuna kosa" peke yake haimsaidii mtu, hasa kama umeme umerudi saa tano usiku na wewe unataka kulala. fopen ikirudisha NULL (yaani faili haikufunguka), perror(faili) itakuambia kama ni "No such file or directory" ama "Permission denied", ila iite palepale, ukichomeka printf katikati errno (namba ya kosa ambayo perror inaisoma) inaweza kubadilika. Na kosa likitokea main irudishe EXIT_FAILURE, si sifuri, ijulikane programu imeshindwa. Ukitaka makosa yakae kwa faili yake peke yake, ukiendesha programu ongeza 2> makosa.txt basi.